Saa Kumi na Nne Ghorofa ya Chini

Pale kijiweni Mwandoya, jirani na ghala la pamba, mzee mmoja aliniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu wa mjini: hivi kwenye ndege nako wanapakia abiria wa kusimama? Nikamjibu hapana, kila mtu ana siti yake na mkanda wake. Akawageukia wenzake. "Sasa huyu analalamika nini?"

Nilikuwa nawasimulia safari ya Brisbane, kule Australia. Saa kumi na nne angani kutoka Dubai, ukiacha saa tano na ushee za kutoka Dar es Salaam hadi Dubai, na ukiacha pia kujikongoja kutoka Meatu hadi Mwanza kuifuata ndege ya kwanza. Nilitegemea angalau pole. Lakini kijiwe kile hakina pole za bure. Nusu ya waliokaa pale wamewahi kwenda Dar wamekalia ndoo kwenye korido ya basi, magunia ya dengu yakiwabana miguu. Kwao siti yenye mto na blanketi ni zawadi.

Sababu yenyewe ya kulalamika niliona aibu kuitaja mbele yao. Nilikuwa nimezoea kulala.

Kazi yangu ni pamba. Naishika, naivuta kwa vidole gumba kuona urefu wa nyuzi, natazama rangi na takataka, kisha namwambia mnunuzi wa ng'ambo kama anachopewa kinalingana na anacholipia. Simiyu ndiyo mkoa unaoongoza nchini kwa zao hili, na Meatu tangu 1994 ina hata pamba hai, inayolimwa bila dawa za viwandani, ambayo safari yake hufika hadi Uswisi. Kwa hiyo mtu wa Mwandoya kuzunguka dunia kwa ajili ya pamba si ajabu kama inavyosikika. Kwa miaka mingi nilizunguka kwa tiketi za kampuni. Utaratibu wao ulikuwa kwamba safari ikiwa ndefu, mtaalamu anakaa daraja la biashara, ili akishuka aingie kazini moja kwa moja. Kisha mkataba ukaisha, nikaanza kujitegemea, na anayejitegemea nauli inatoka mfukoni mwake. Ndipo nikaijua bei ya ile siti: mara tatu au nne ya siti ya nyuma, pengine zaidi, na ndege ni moja, inatua dakika moja.

Kushushwa namna hii hakukuanza na mimi. Novemba 2015, wiki hizo hizo alizoapishwa, Rais John Magufuli alizuia safari za nje kwa watumishi wa umma, na daraja la kwanza na la biashara kwa fedha za serikali likabaki kwa watu watatu: Rais, Makamu wake na Waziri Mkuu. Nawajua waliokuwa na vyeo vya kupigiwa saluti ambao baada ya hapo walionekana safu ya arobaini, wamejikunja, tai bado shingoni. Wengine walisema hadharani kwamba ni jambo jema kwa nchi. Faraghani walisema magoti yanauma. Nawaamini kwa yote mawili.

Mwandoya si mahali pa kuanzia safari ukiwa na haraka. Ni mji mdogo wa wilaya ya Meatu, na barabara ya kwenda Bariadi, makao makuu ya mkoa, inapitia Kisesa. Kiangazi ni vumbi. Masika ni udongo mweusi wa mbuga, ule unaopenda pamba na kuchukia magurudumu. Niliondoka Aprili, kwa hiyo tulikuwa na tope la kutosha. Usafiri ni mchomoko, Probox ya watu watano inayobeba wanane, na hapo daraja la biashara lipo pia: siti ya mbele. Inakaliwa na wawili, mmoja akiwa amepanda nusu ya gia, lakini ni ya mbele. Dereva aliniona mvi akasema, "Mzee, njoo huku." Yule wa nusu ya gia alikuwa mwalimu kijana, na kila gari lilipohitaji gia ya pili alilazimika kuinua goti kwa heshima. Baada ya Kisesa tulishuka kusukuma. Wa mbele tulishuka na wa nyuma, tope halina madaraja.

Kutoka Bariadi mambo hubadilika. Lami inakupeleka Lamadi, pale barabara ya Mwanza na Musoma inapopita karibu na lango la Ndabaka la Serengeti, ziwa likianza kuonekana upande wa pili, na jioni unakuwa Mwanza unakula sato. Asubuhi ndege ya Dar. Hapo sina la kusema, ni safari fupi kiasi kwamba hata siti ikiwa ya mbao ungevumilia.

Marehemu baba yangu hakuwahi kupanda ndege, ila alikuwa msafiri. Alikwenda kupanda treni Malampaka, stesheni ya Maswa kwenye ile njia ya kutoka Tabora iliyofika Mwanza mwaka 1928. Treni ya zamani haikuficha madaraja kwa pazia. La kwanza, la pili na la tatu kila moja lilikuwa na behewa lake, na baba alikuwa mtu wa la tatu. Alikuwa na kanuni. Usipande bila chakula chako. Mjue jirani yako kwa jina kabla treni haijang'oa nanga. Na usivue viatu ukalala bila kuvifunga kamba mguuni. Hiyo ya mwisho sikuihitaji Dubai, lakini zile mbili za kwanza nilizibeba, na kwenye begi nilikuwa na mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kuanikwa juani, ambavyo mke wangu alinifungia bila kuniuliza.

Jengo la tatu la uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2019, ni zuri na lina nafasi. Nilisimama kwenye foleni ndefu nikitazama ile fupi yenye zulia jekundu. Miguu yangu ilijipeleka kule yenyewe hadi nikairudisha.

Siti yangu hadi Dubai ilikuwa ya katikati. Dirishani alikaa binti wa miaka ishirini na kidogo, hijabu ya bluu, bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Unakwenda wapi?"

"Dubai. Kazi za ndani."

Alitoka upande wa Kondoa. Mkanda ulimsumbua, nikamwonyesha unavyoingia na unavyofunguka. Bahasha alikataa kuiweka kwenye mfuko wa siti ya mbele, na sikumlazimisha. Ndani yake kulikuwa na mkataba, viza na namba ya simu ya mtu atakayempokea, yaani maisha yake ya miaka miwili. Wahudumu walipopita na maji alikataa. Juisi akakataa. Chakula alikula kidogo sana. Tulipokuwa juu ya Somalia akaniinamia, akanong'ona:

"Baba, samahani. Hapa watu wanachimba dawa wapi?"

Nilicheka, naye akacheka kwa kuona sijamshangaa. Kumbe tangu asubuhi alikuwa hajanywa kitu, maana rafiki yake aliyetangulia kule alimwambia choo cha ndege kinavuta. Nikamweleza kwamba kinanguruma tu, kinavuta maji, mtu hakimmezi, na bora asimame kabla ya kubonyeza. Nikampisha. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Akaomba maji, akaomba juisi, akaniuliza kama ni kweli Dubai mvua hainyeshi.

Wasichana kama yule walikuwemo kwenye ndege zangu miaka yote ile. Dar hadi Ghuba ndiyo njia yao, wao na vijana wa bohari na wauza nguo wa Kariakoo. Nilikuwa naingia kwanza, nakaa, navua viatu, napewa taulo ya moto. Wao wanapita koridoni na bahasha zao wakielekea nyuma, na mimi naangalia menyu. Sisemi hivi kwa kujipiga kifua. Nasema kwa sababu watu hulipa fedha nyingi kwa siti ile wakidhani wananunua chakula na vinywaji, kumbe sehemu kubwa ya bidhaa ni kutokuulizwa swali na mtu usiyemjua.

Dubai nilimwonyesha foleni ya uhamiaji, nikasubiri mpaka akaingia kwenye mstari, kisha nikafuata mishale ya wanaounganisha.

Ndege ya Brisbane ilikuwa Airbus A380, ile ya ghorofa mbili kuanzia mdomoni hadi mkiani. Utengenezaji wake ulisimamishwa mwaka 2021, lakini zilizopo bado zinafanya kazi, na hakuna chombo kinachoonyesha madaraja waziwazi kama hiki. Chini tulikuwa karibu watu mia nne. Juu hawafiki mia, na sakafu waliyonayo inakaribia yetu kwa urefu. Pale Dubai kuna jengo lililojengwa kwa ajili ya ndege hizi, na wa juu hutoka kwenye ukumbi wao wa kupumzikia wakaingia ghorofani moja kwa moja. Hatukutani kabisa. Kwenye ndege za kawaida unapita katikati yao ukiwa na begi lako, unawaona na wanakuona. Hapa hata hilo limeondolewa. Sikuweza kuamua kama ni ustaarabu zaidi au kidogo.

Haya madaraja si ya kale. Ndege za mwanzo zilikuwa na bei moja, ya wenye nacho. Mwaka 1952 mashirika yaliyovuka Atlantiki yakaanzisha daraja la watalii kwa nauli nafuu, na mwaka 1958 likaja daraja la kawaida tunaloishi nalo. East African Airways yetu, iliyoanza 1946 na kufa 1977, ilipoleta Super VC10 mwaka 1966 bado dunia ilikuwa na daraja la kwanza na la kawaida tu. La biashara lilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa malalamiko ya watu wa makampuni waliolipa nauli kamili wakajikuta wamebanana na watalii waliolipa nusu. Mwanzoni lilikuwa siti pana kidogo na glasi ya kioo. Kitanda kinachonyooka kabisa kiliingia daraja hilo mwaka 2000, British Airways wakitangulia. Kabla ya hapo abiria wa daraja hilo alilala amekaa.

Naieleza historia hii kwa sababu inajibu swali nililokuwa nalo siku ile: hasa nimepungukiwa nini? Hewa ni ileile. Kasha zima la ndege linajazwa hewa ya mlimani, kama ya mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari, na aliyelipa mara nne naye yuko Njombe na sisi, moyo ukidunda zaidi kidogo. Ukavu ni uleule, unyevu wa chini ya asilimia 20, midomo inapasuka juu na chini. Kelele ni zilezile, na kelele pamoja na ukavu hufanya ulimi usisikie vizuri chumvi na sukari, ndiyo maana chakula cha angani kinaonekana kupooza hata kikipikwa na mpishi mwenye jina. Tofauti ya saa saba kati ya Meatu na Brisbane haimwogopi mtu. Ukipangua hayo yote kinabaki kitu kimoja ambacho hela inanunua kweli, nacho ni kulala umenyooka. Mengine ni mapambo, na mapambo unayasahau ukifika kwenye mkanda wa mizigo.

Lakini hicho kimoja si kidogo. Sitaki kumdanganya mtu kwamba moyo mkunjufu unatosha.

Umbali kutoka mgongo wa siti yako hadi wa iliyo mbele, nyuma kule, ni sentimita themanini hivi. Kwa mtu mfupi ni sawa. Mimi nina miguu ya mchunga ng'ombe, na kila aliye mbele yangu alipolaza siti, magoti yalipata habari kabla yangu. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2007: ukikaa saa nne au zaidi bila kusogea, uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu unaongezeka takriban mara mbili. Kwa mtu mwenye afya bado ni nadra, kama mmoja kati ya 6,000. Kilichonivutia ni kwamba walikuta hali hiyo kwa ndege, treni, basi na gari vilevile. Ugonjwa tunaoambiwa ni wa siti za ndege unaweza kukupata kwenye basi la Shinyanga. Tena basi sasa linakwenda usiku kucha, tangu Oktoba 2023 mabasi ya usiku yaliporuhusiwa upya baada ya marufuku ya miaka ya tisini, na kwa hiyo mtu anaweza kukaa Mbezi Luis, Dar, jioni akainuka vizuri akiwa Nzega. Angalau basi linasimama watu wachimbe dawa.

Kuna njia moja ambako wenye ndege walikubali wenyewe kwamba haifai. Singapore Airlines wana safari ya Singapore hadi New York, zaidi ya saa kumi na nane, na tangu wairudishe mwaka 2018 hawakuweka siti ya daraja la kawaida hata moja. Ni watu 161 tu kwenye ndege ambayo kwingine ingebeba karibu mara mbili. Kila ninapoambiwa nyuma si kubaya, nawakumbuka hao.

Siti niliichagua kwa akili. Safu za A380 chini zina tatu, nne, tatu. Ukikaa koridoni upande wa tatu, watu wawili watakuruka usiku kucha. Ukikaa koridoni kwenye zile nne za kati, anayeweza kukuruka ni mmoja tu, kwa kuwa wale wa mbali wana korido yao. Chakula niliomba mapema cha watu wasiotumia chumvi, maana vyakula maalum hutangulizwa: unakula ukamaliza mkokoteni haujafika safu yako, na unaweza kusinzia wenzako wakigombea kuku na samaki. Ladha? Nimeshasema ulimi hausikii.

Jirani yangu alikuwa mama wa makamo kutoka Kerala, India, anakwenda kumwona mjukuu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuchagua na changu kilikuwa kimechoka. Kanuni ya baba ikanijia, nikajitambulisha. Kisha nikatoa matobolwa. Akachukua kipande, akakigeuza kwenye taa, akakinusa, akatafuna kwa muda mrefu kwa sababu matobolwa hayana haraka. Nikamweleza: viazi, chemsha, kata, anika. Akachangamka. Kwao wanafanya hivyohivyo kwa mihogo, akanionyesha kwa mikono namna ya kukata na namna ya kutandaza juani, na kwamba mvua ikija ghafla nyumba nzima inakimbia kuanua. Hilo la kuanua nililifahamu bila tafsiri. Tulikula mfuko karibu nusu. Mhudumu alisimama kututazama, naye akapewa.

Baada ya hapo mama alilala, kichwa kikaniegemea begani. Ni kichwa kizito kuliko kilivyoonekana. Ungekuwa kwenye mchomoko usingesema neno, ungekaza bega ukaendelea na safari, nikakaza. Saa ya kwanza ilipita. Ya pili ganzi ikaanza, na nilipojisogeza akaamka akaomba radhi sana, kisha akalala tena hapohapo.

Kufika saa ya tisa mwili ulikuwa umeshakata tamaa ya kutafuta mkao. Unaegemea kulia, nyonga inauma. Unaegemea kushoto, korido ina watu wanaopita wakikugonga. Ukiinamia meza ya kulia, shingo. Usingizi unakuja vipande vipande, kila kipande na ndoto yake fupi ya kijinga, na ukiamka skrini inaonyesha kindege kidogo kiko palepale juu ya Bahari ya Hindi. Nikainuka nikaenda nyuma kabisa, karibu na jiko la wahudumu.

Huko kulikuwa na kijiwe. Kulikuwa na kijana wa migodini anayetoka likizo, bibi mmoja wa Kilebanoni akizungusha vifundo vya miguu, baba aliyebeba mtoto aliyegoma kulala, na wengine wameegemea mlango mikono kifuani. Mtu akisogea anampisha mwenzake bila kuambiwa. Biskuti zilipita. Mtoto akapita pia, mikono ya watu watatu, hadi akanyamaza kwa mshangao. Kwa hiyo lile swali la mzee wa Mwandoya nililijibu vibaya kidogo: abiria wa kusimama wapo. Wana siti, wamezilipia, na wamezikimbia.

Pale nyuma ndipo ilipo ngazi ya kupanda juu, ya mzunguko, imezibwa. Mhudumu alipopita kwa kazi yake nikasikia ukimya wa juu ukishuka naye, ule ukimya wa watu waliolala chali. Sikutamani mvinyo wao wala vile vikopo vya karanga za moto. Ningepewa mita mbili za sakafu na kanga moja, ningeshukuru. Nilipiga hesabu ya tofauti ya nauli kwa pamba, kilo kwa kilo, kwa bei ya msimu ule pale kwenye chama cha ushirika, nikaona ni shamba la familia nzima kuanzia kupalilia Januari hadi kuchuma. Hapo nikaona heri kusimama.

Brisbane tulitua asubuhi, jua kali, miguu imevimba hadi kamba za viatu hazifiki. Kabla ya hapo tulijaza ile kadi ya kuingilia Australia, na watu wale hawana mchezo na vyakula na udongo. Unatangaza ulichonacho, ukificha wakikukamata, faini. Nikatia alama kwenye chakula. Nikatia alama kwenye kuwa shambani katika siku thelathini zilizopita. Nikatia alama kwenye udongo, maana mabuti yangu ya kazi nilikuwa nayo begini na nilijua yalivyo.

Ofisa alikuwa dada mcheshi, glovu mkononi. Akafungua mfuko wa matobolwa, akakitazama kipande kimoja kwa makini kuliko nilivyowahi kuona mtu akikitazama kiazi.

"Hii ni nini?"

"Viazi vitamu vilivyokaushwa. Vimechemshwa."

"Vimetengenezwa nyumbani?"

"Na mke wangu."

Akasema pole, akavitupa kwenye pipa lake. Kisha akatoa mabuti, akayageuza. Tope la Kisesa lilikuwa limekauka kwenye meno ya soli, jeusi, limeshika kama saruji. Akayapeleka kwenye sinki, akasugua kwa brashi, akachokonoa na kijiti, akapuliza dawa. Ilimchukua muda. Watu wa nyuma yangu wakaanza kuhema kwa sauti. Mimi sikujali, nilikuwa nimepata ukuta wa kuegemea. Akanirudishia yakiwa safi kuliko siku nilipoyanunua.

Mwenyeji wangu alikuwa nje na gari. Tulikuwa tunakwenda Dalby, magharibi, mwendo wa zaidi ya kilomita mia mbili, kuona mavuno: kule mashine inachuma, inaviringisha na kufunga pamba kwa plastiki ikiwa bado inatembea shambani, na inaangusha robota la mviringo lenye zaidi ya tani mbili. Alikuwa na mengi ya kunionyesha njiani. Akafungua mlango wa mbele, akasema karibu.

Nikamwuliza kama atachukia nikikaa nyuma, nilale kidogo, ninyooke.

Akanitazama, akatazama siti ya nyuma. Akasema nyuma nako mkanda ni lazima, na mkanda ni wa kukaa. Polisi wao hawaulizi umetoka wapi.

Nikakaa mbele.